Goma: tairi lililoisha bado labeba mzigo

Mjini Goma, tairi la gari lililoisha bado lina kazi. Mafundi wa chukudu hulikata vipande na kuvipigilia misumari kwenye magurudumu ya mbao. Bila mpira huo, mawe makali ya mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 2002 na 2021, hula mbao haraka.

Kipande kingine hufungwa juu ya gurudumu la nyuma. Hicho ndicho breki: mwendeshaji hukikanyaga anapoteremka kutoka Kibumba na viazi au kabeji. Chukudu kubwa huweza kubeba hadi kilo 800. Kwenye mteremko, uzito huo humsukuma mwenyewe, na mpira ukiwa umelika, chukudu haisimami. Heri kuutazama kabla ya kupakia mzigo kuliko kuukumbuka njiani.