Kutenganisha Faili za Vichwa za Kerneli na Kiolesura cha Programu: Mfano wa Linux

Makala haya yanafafanua namna mradi wa Linux ulivyotenganisha mambo ya ndani ya kerneli na yale ambayo programu za nje zinaruhusiwa kuyategemea. Hoja kuu ni kwamba ahadi inayotolewa kwa wengine haina budi kuwekwa mahali pake. Vinginevyo, hata mwenye kuitoa hushindwa kutambua ni lini ameivunja.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kichakato na husimamia vifaa. Programu za kawaida hupeleka maombi kwake kupitia miito ya mfumo. Ili pande hizo mbili zielewane, ni lazima zikubaliane kuhusu namba za miito na mpangilio wa data. Makubaliano hayo huandikwa katika faili za vichwa, ambazo kompaila huzisoma inapogeuza msimbo chanzo kuwa programu tendaji.

Kwa miaka mingi, faili nyingi za vichwa za Linux zilibeba makubaliano hayo pamoja na mambo ya ndani ya kerneli. Yale ya ndani yalizungushiwa sharti lililoitwa __KERNEL__, ili programu za nje zisiyaone. Mwaka 2006, toleo la 2.6.18 lilileta utaratibu wa kuzichuja faili kabla ya kuzisambaza. Hata hivyo, chujio lilitegemea sharti liwe limewekwa panapostahili, na aliyehariri faili hakuwa na ishara ya wazi kwamba mstari anaougusa ni sehemu ya ahadi.

Hatari yake si ya kinadharia. Tuseme muundo fulani wa data una sehemu inayoanzia baiti ya 8. Programu ikishakompailiwa, namba hiyo huganda ndani yake. Mtunzaji wa kerneli akipachika sehemu mpya mwanzoni, programu ya zamani itaendelea kusoma baiti ileile na kupata thamani isiyokusudiwa. Badiliko kama hilo katika muundo wa ndani halina madhara hayo, kwa kuwa kerneli hukompailiwa upya pamoja.

Mwaka 2012, David Howells wa kampuni ya Red Hat aliongoza kazi ya kuzigawa faili hizo. Kazi hiyo iliingia katika toleo la 3.7, lililotolewa Desemba mwaka huo. Makubaliano ya nje yalihamishiwa katika saraka ya include/uapi. Pale ambapo mambo ya ndani yalibaki, faili ya ndani huingiza kwanza ile ya nje, kisha huongeza yake. Hivyo, badiliko lolote ndani ya saraka hiyo humwonya mkaguzi mara moja. Mgawanyo huo ulikusudiwa pia kupunguza mizunguko ya faili zinazotegemeana.

Hata hivyo, mgawanyo si ulinzi kamili. Taarifa zinazosomwa kupitia /proc na /sys nazo hutegemewa na programu, ilhali muundo wake hauelezwi kikamilifu katika faili za vichwa. Saraka huonyesha mpaka ulipo. Wanaoulinda ni wakaguzi.

Kwa watafiti wa istilahi, mfano huu unadai fasili pana zaidi ya neno kiolesura. Neno hilo huwapeleka wengi kwenye skrini na vitufe, ilhali hapa hakuna sura ya kutazamwa: kuna mkataba baina ya programu mbili. Fasili isiyotaja mkataba huo humwacha msomaji nje ya jambo lenyewe.

Kwa washauri wa sera, mfano huu unazaa maswali matatu ya kuulizwa kabla taasisi ya umma haijanunua mfumo wa kompyuta. Ni sehemu ipi ambayo mtoaji anaahidi kutoibadilisha? Imeandikwa wapi, mbali na mambo yake ya ndani? Na ni nani hukagua kila inapoguswa? Pasipo majibu, mifumo mingine itajengwa juu ya mambo ambayo mtoaji hakuyaahidi, na gharama ya kila badiliko itamwangukia mnunuzi.