Bastola Moja, Serikali Mbili: Marekani Inavyoyashitaki Magenge (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi bunduki inavyotoka kwa muuzaji mwenye leseni hadi kufika mkononi mwa kijana wa genge. Leo tumfuate kijana huyo akiwa ameshakamatwa.

Tuanze na kesi moja. Mwezi Novemba 2015, mjini Mobile katika jimbo la Alabama, polisi walisimamisha gari kwa sababu taa ya mbele ilikuwa mbovu. Wakasikia harufu ya bangi, wakapekua, wakakuta bastola yenye risasi. Dereva, Terance Gamble, aliwahi kutiwa hatiani kwa unyang'anyi mwaka 2008, na mtu wa namna hiyo haruhusiwi kuwa na silaha. Jimbo likamshitaki, akakiri, akafungwa mwaka mmoja. Kumbe hayajaisha. Waendesha mashtaka wa Serikali ya Shirikisho nao wakamfungulia kesi kwa bastola ileile, ya siku ileile, na kifungo kikarefuka kwa karibu miaka mitatu.

Gamble alilalamika hadi Mahakama ya Juu. Katiba ya Marekani, alisema, inakataza mtu kushitakiwa mara mbili kwa kosa moja. Tarehe 17 Juni 2019 majaji saba kati ya tisa walimkatalia: jimbo ni serikali na Shirikisho ni serikali, kila moja ina sheria yake, kwa hiyo tendo moja limezaa makosa mawili. Waliopinga ni Ruth Bader Ginsburg na Neil Gorsuch, watu ambao kwa itikadi hawakuwa wa kambi moja hata kidogo.

Msomaji wa Tanzania au Kenya lazima ashangae. Kenya ina Mkurugenzi wa Mashtaka mmoja kwa nchi nzima, na Tanzania ina mmoja wa Bara na mmoja wa Zanzibar. Hapo alipo, wa kuamua kushitaki ni yeye. Marekani mauaji, wizi na ujambazi kwa kawaida ni makosa ya jimbo, na anayeyashitaki ni mwanasheria wa kaunti ambaye mara nyingi amechaguliwa kwa kura. Pembeni yake wapo waendesha mashtaka wakuu 93 wa Shirikisho, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Hawa hawana wajibu wa kushughulikia kila bastola inayokamatwa. Wanachagua. Na katika kesi za bunduki na magenge, uchaguzi huo ndio unaoamua miaka ya kifungo kuliko chochote atakachosema jaji baadaye.

Kwanza, wamepata wapi mamlaka hayo? Bunge la Marekani halina mamlaka ya jumla ya kupambana na uhalifu, hivyo limekuwa likitafuta mlango wa kuingilia. Baada ya watu saba kupigwa risasi Chicago tarehe 14 Februari 1929, katika vita vya magenge ya pombe, hatimaye mwaka 1934 lilitumia kodi: dola 200 kwa kila bunduki ya rashasha, karibu sawa na bei ya bunduki yenyewe. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, likatumia biashara kati ya majimbo na kuweka orodha ya watu wasioruhusiwa kuwa na silaha. Wa kwanza katika orodha hiyo ni yeyote aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja.

Mlango huo wa biashara ni mpana ajabu. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilijaribu kuufunga kidogo katika kesi ya mwanafunzi wa San Antonio, Texas, aliyekwenda shuleni na bastola. Kura zilikuwa tano kwa nne: bastola shuleni si biashara. Bunge likairekebisha sheria kwa maneno machache, mambo yakaendelea. Kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani, tangu mwaka 1977 inatosha kuthibitisha kwamba bunduki iliwahi kuvuka mpaka wa jimbo wakati wowote, hata miaka mingi kabla ya kumfikia yeye. Ndiyo maana katika kesi hizi hupanda kizimbani ofisa wa ATF, idara ya silaha na vilipuzi, akaishika bastola, akasoma chapa ya kiwanda na kusema: hii imetengenezwa Massachusetts, nayo imekamatwa Alabama, basi imevuka. Ushahidi wa dakika chache, na mara nyingi upande wa utetezi haubishi.

Sasa, kwa nini Shirikisho lihangaike na bastola ya mtu mmoja? Kwa sababu bastola haihitaji shahidi wa mtaani. Miaka ya karibuni polisi wa Marekani wamekuwa wakimpata mtuhumiwa katika nusu tu ya mauaji, au zaidi kidogo. Katika mitaa ya magenge aliyeona hakuona, aliyesikia hakusikia, maana anayetoa ushahidi leo atalala palepale kesho. Polisi wanaoamini kwamba fulani ameua watu wawili lakini hawana wa kusimama kortini, watamsubiri akamatwe na bastola kiunoni. Katika mahakama ya Shirikisho cha kuthibitisha ni hasa rekodi yake ya zamani na chuma alichokutwa nacho. Kosa hilo peke yake hupeleka gerezani maelfu ya watu kila mwaka, zaidi ya nusu wakiwa Wamarekani Weusi, na mwaka 2022 ukomo wa adhabu yake ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 15.

Jaribio lililotangazwa kuliko yote lilifanyika Richmond, Virginia. Mji huo wenye watu 200,000 hivi ulizika watu wapatao 160 waliouawa mwaka 1994. Mwaka 1997 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Shirikisho ilianzisha mpango wa Project Exile: karibu kila mhalifu wa zamani anayekamatwa na bunduki apelekwe mahakama ya Shirikisho, ambako dhamana ni ngumu, hakuna kuachiwa mapema kwa msamaha wa bodi, na gereza linaweza kuwa majimbo kadhaa mbali na mama yake. Basi la abiria lilipakwa rangi nyeusi likazungushwa mjini na tangazo kubwa kwamba bunduki haramu ni miaka mitano. Chama cha wenye bunduki, NRA, kiliusifu mpango huo, na wanaotaka bunduki zidhibitiwe wakausifu pia. Ukiona hao wawili wamekubaliana, ujue kila mmoja amesikia anachotaka.

Mauaji yalishuka. Lakini wanauchumi Steven Raphael na Jens Ludwig walipochunguza, waliandika mwaka 2003 kwamba yangeshuka hata bila mpango huo: Richmond ilikuwa imepanda kupita kiasi, na miji iliyopanda sana ndiyo iliyoshuka sana. Richard Rosenfeld na wenzake, mwaka 2005, waliona mpango ulisaidia kiasi. Mimi naegemea kwa wale wa kwanza. Kuna pia jambo ambalo mabango hayakulisema. Jopo la raia wanaoamua kesi katika mahakama ya jiji lilitoka Richmond, mji wenye Weusi wengi. Jopo la Shirikisho hukusanywa kutoka eneo pana zaidi, lenye Wazungu wengi. Hoja hiyo ilifika mbele ya jaji wa Shirikisho mwaka 1999. Aliukosoa mpango, lakini mashtaka hakuyafuta.

Boston walitumia silaha hiyohiyo kwa kipimo. Mwaka 1996 vijana wa magenge waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama waliitwa mkutanoni, wakakaa mbele ya polisi, wachungaji, wafanyakazi wa vijana na mwendesha mashtaka wa Shirikisho. Wakaonyeshwa tangazo lenye picha ya mwenzao wanayemfahamu, aliyekutwa na risasi moja. Risasi moja tu. Kwa sababu ya rekodi yake ndefu alipata miaka 19 na miezi 7. Wakaambiwa: genge litakaloua mtu baada ya leo, wote tutawafuata kwa njia hii, na anayetaka kazi au shule, wa kumsaidia ni huyu hapa. Mauaji ya vijana Boston yalipungua kwa zaidi ya nusu. Tofauti na Richmond ni kwamba hapa kitisho kililengwa kwa wachache, na waliambiwa mapema.

Kitisho hicho kikiachwa bila breki hufika mbali. Mtayarishaji wa muziki wa Utah, Weldon Angelos, alimuuzia bangi mtoa habari wa polisi mara tatu, kila mara kwa dola 350. Shahidi alisema aliiona bastola mara mbili. Hakumtishia nayo mtu, hakufyatua. Silaha nyingine zilikutwa nyumbani kwake. Waendesha mashtaka walimpa nafasi ya kukiri kwa miaka 15. Akakataa. Wakaongeza mashtaka. Sheria ya wakati huo ilisema bunduki katika biashara ya dawa za kulevya ni miaka 5 kwa shtaka la kwanza na 25 kwa kila linalofuata, hata kama yote yako katika hati moja, na lazima vitumikiwe kimoja baada ya kingine. Tano, ishirini na tano, ishirini na tano: miaka 55.

Jaji Paul Cassell, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush na ambaye hakuna aliyemwita mlegevu, alitoa hukumu hiyo Novemba 2004 huku akiilaani na kuomba Rais aipunguze. Siku hiyohiyo alikuwa amemfunga miaka 22 mtu aliyempiga bibi kizee kwa gogo hadi kufa. Angelos alitoka mwaka 2016 na kupata msamaha wa Rais mwaka 2020. Sheria ile ya kupandanisha mashtaka ilirekebishwa Desemba 2018. Lakini tazama miaka ile 40 kati ya 15 na 55. Jaji hakuigusa, aliyeiongeza ni mwendesha mashtaka, mezani kwake, kwa sababu mshitakiwa alikataa kukiri. Ukijua hivyo hutashangaa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaohukumiwa katika mahakama za Shirikisho hukiri bila kesi kusikilizwa.

Kwa magenge yenyewe ipo sheria ya RICO ya mwaka 1970, iliyotungwa kwa ajili ya mafia wa Kiitaliano. Haimuulizi mtu alimpiga nani risasi. Inauliza kama yumo katika umoja unaoendeshwa kwa uhalifu. Kuonyesha mwenendo yanahitajika angalau makosa mawili ndani ya miaka kumi, hata kama ni ya jimbo. (Waliofuatilia kesi ya mwanamuziki Young Thug wasichanganye: ile ilikuwa ya jimbo la Georgia, lenye RICO yake.)

Chicago ndiko mashtaka ya namna hii yalikoonyesha uwezo wake na aibu yake. Katika kesi za genge la El Rukn iligundulika kwamba mashahidi wa serikali, wakiwa rumande, walikuwa wakitumia dawa za kulevya na kupewa upendeleo, na waendesha mashtaka walilificha hilo. Hukumu kadhaa zikafutwa mwaka 1993. Mwaka huohuo, maofisa wa Shirikisho walikuwa wameshaanza kumsikiliza Larry Hoover, mkuu wa Gangster Disciples, aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 200 cha jimbo la Illinois na bado anaendesha biashara kutoka jela. Walificha vinasa sauti ndani ya beji wanazovaa wageni. Kila mjumbe aliyekwenda kupokea maagizo aliingia na sikio la serikali kifuani. Hoover alishitakiwa 1995, akatiwa hatiani 1997, akapewa vifungo vya maisha sita na kufungiwa katika gereza kali la Florence, Colorado.

Je, Chicago ilitulia? Kwa muda. Viongozi walipoondolewa, na majengo makubwa ya nyumba za serikali yakabomolewa, genge lenye maelfu ya wafuasi likavunjika vipande vya mtaa mmoja mmoja, visivyo na mkubwa wa kuamua ugomvi. Mwaka 2021 jiji hilo lilikuwa na mauaji karibu 800. Sisemi Hoover angeachwa. Nasema hati ya mashtaka inajua kukata kichwa; haijui kitakachoota baadaye.

Mei 2025 Rais Trump alimfutia Hoover kifungo cha Shirikisho. Hakutoka. Rais hana uwezo juu ya kifungo cha jimbo, na ile miaka 200 ya Illinois ilikuwa bado inamsubiri. Mfumo uleule wa serikali mbili uliomwongezea Gamble kifungo ndio uliomzuia Hoover asitoke.

Mwisho, neno kwa wenye ndugu walioko huko masomoni. Siku nne baada ya kesi ya Gamble, Mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya kijana wa Falme za Kiarabu aliyesoma Florida. Chuo kilimwondoa kwa alama mbovu, viza ikakosa msingi, naye akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha kama wafanyavyo Wamarekani wengi. Alifungwa miezi 18 kabla Mahakama haijasema serikali lazima ithibitishe kwamba alijua hana kibali. Anayeishi bila kibali hapaswi kushika bunduki wala risasi, na mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi vilevile, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Mwambieni kabla marafiki hawajamwalika.