Babu wa Jangwani

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, mzaliwa wa hapa Bariadi, ni mjukuu wa Mwarabu wa Omani aliyekuwa na duka Usukumani. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita watu wake warejee, mzee alirudi kwao. Binti yake, aliyezaliwa na mama wa Kisukuma, akabaki kwa wajomba zake.

Likizo iliyopita kijana alikwenda kumzuru babu yake Sharqiya, kando ya jangwa la mchanga la Wahiba. Alituhadithia kuwa mzee huamka kabla ya alfajiri, husali, hunywa kahawa kwa tende, kisha huwatazama mbuzi wake. Wakati wa joto jamaa hukusanyika mitendeni kuvuna tende, penye maji ya falaji. Siku za baridi hupiga mahema mchangani. Sikukuu huchinja, na nyama hufukiwa shimoni juu ya makaa tangu leo hata kesho. Ndiyo shuwa, nayo huliwa na jamaa wote pamoja.

Asubuhi ya kwanza mzee alimwamkia, “Mwangaluka!” Kisha akauliza, “Je, mama yako yu radhi nami?” Kijana hakuwa na jibu.

Aliporejea, mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba simu.

Enyi vijana, Suratu Nnisaa, katika aya yake ya kwanza, imetuhadharisha juu ya ujamaa wa damu. Basi tusingoje habari ya msiba ndipo tuulizane hali.