Rimoti Moja kwa Vyombo Vyote? Tazama Kwanza

Tangu matangazo ya analogia yalipozimwa nchini mwaka wa 2015, meza za sebuleni zimejaa rimoti: ya runinga, ya king'amuzi, ya redio. Mtoto akiivunja moja, mpenzi msomaji wa Nyalenda, mbio unaenda Kibuye kutafuta rimoti ya vyombo vyote.

Jua kwamba ziko za aina mbili. Ya kwanza imewekewa nambari za kampuni mashuhuri. Unaandika nambari iliyo karatasini, basi. Lakini runinga yenye jina geni huenda isiwemo orodhani. Ya pili hujifunza: unaielekeza uso kwa uso na rimoti ya zamani, unabonyeza kitufe kimoja kimoja, nayo inaiga miale. Kwa ving'amuzi vyetu, mimi ningechukua hii. Inunue wakati ya zamani ingali hai, maana ikifa haina cha kufundisha. Rimoti zinazotumia Bluetooth, kama nyingi za runinga za kuamrishwa kwa sauti, haiziigi.

Na pengine huhitaji kununua. Elekeza rimoti unayodhani imekufa kwenye kamera ya simu, hasa ile ya mbele, kisha ubonyeze. Miale isiyoonekana kwa macho hutokea pale kama nuru ya zambarau. Ukiiona, shuku runinga. Usipoiona, badilisha betri na ukwangue kutu kwenye springi zake.

Ukienda sokoni, beba rimoti ya zamani na betri zako. Muuzaji akikataa uijaribu, nenda kwa jirani yake.