POLIMA ZENYE CHAPA YA IONI: KALIBU YA KUNASIA MADINI MAJINI

Utangulizi

Zamani, wafua shaba wa Katanga waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, kisha wakaimimina shaba katika kalibu na kupata ile misalaba iliyotumika kama fedha. Kalibu ndiyo iliyoipa shaba umbo. Katika karne ya 20 wanakemia waliupindua utaratibu huo: madini ndiyo hutoa umbo, na kalibu ndiyo hulipokea. Zao la wazo hilo ni polima zenye chapa ya ioni, ambazo hunasa madini ya aina moja kutoka katika maji yenye madini mengi.

1. Ugumu wa kutenganisha

Madini yakiyeyuka majini hayabaki vipande vya kuzuiwa na kitambaa. Atomu zake hupoteza elektroni na kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Katika miamba ya Kolwezi na Likasi shaba na kobalti hukaa pamoja, na maji yanayopita humo huweza kuyabeba yote mawili. Ioni zake hufanana mno: kila moja ina chaji chanya mbili, na nusu kipenyo chake ni pikomita 73 hivi kwa shaba na 74 hivi kwa kobalti. Chokaa ikitiwa ya kutosha, madini mengi hutuama pamoja yakawa tope moja. Resini nyingi za kawaida nazo huvuta ioni kwa nguvu ya chaji tu. Hivyo kalisi na magnesi, ambazo ni nyingi majini, hujaza nafasi za ioni inayotafutwa.

2. Namna chapa inavyopigwa

Kwanza, ioni inayotakiwa, kwa mfano ya kobalti, huchanganywa na ligandi, yaani molekuli zenye nitrojeni, oksijeni au salfa ambazo huizunguka na kuishika. Pili, huongezwa molekuli ndogo pamoja na viunganishi. Hizo hufungamana kuwa minyororo iliyoshonana, yaani polima ngumu, na ioni imo ndani. Tatu, polima husagwa na kuoshwa kwa asidi. Asidi huiondoa ioni, lakini pango lake hubaki, na ligandi hukaa mahali pale pale zilipokuwa. Nne, polima hutiwa katika maji, na ioni inayolingana na pango huingia na kushikwa. Baadaye asidi huitoa tena, na polima hutumika upya.

Ukubwa wa pango peke yake hautoshi kubagua shaba na kobalti. Mpangilio wa ligandi nao una kazi: ioni ya shaba mara nyingi hutaka majirani wanne karibu na wawili mbali kidogo, hali ile ya kobalti huweza kuzungukwa na sita kwa umbali ulio karibu sawa.

Mwaka 1976 Hiroyuki Nishide na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, walieleza resini ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa polivinilipiridini. Resini hiyo ilipendelea ioni ile iliyotumiwa kuitengeneza. Kwa kawaida watafiti hutengeneza pia polima ya pili isiyotiwa ioni. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo shahidi wa chapa.

3. Mipaka na manufaa

Mapango yaliyo katikati ya punje hayafikiwi kwa urahisi na maji. Ndiyo maana wengine huipiga chapa juu ya punje za silika tu. Ioni zilizosalia baada ya kuoshwa huweza kuvuja polepole na kuharibu vipimo. Tena, maji yakiwa makali kwa asidi, ioni za hidrojeni hukalia ligandi. Kwa hiyo ukali hupunguzwa kwanza. Kwa sababu hizo, kazi nyingi bado ni za maabara kuliko za viwanda.

Hata hivyo, maabara yenyewe ina haja nazo. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo. Mto na kisima vinapaswa kupimwa, lakini kiasi kidogo cha madini hufichika kwa chombo cha kawaida. Polima yenye chapa huweza kukusanya ioni za lita nzima ya maji katika mililita chache za asidi, na hapo chombo hicho huweza kuzisoma.

Hitimisho

Istilahi nayo ina uzito wake. Wengine husema polima hizi zina «kumbukumbu». Neno hilo linavutia, lakini linapotosha: polima haikumbuki, bali hubeba alama, kama udongo mbichi uliokanyagwa kisha ukakauka. «Chapa» na «kalibu» ni maneno ya ufundi yanayoeleweka karakanani na sokoni. Mwanafunzi anayeyajua amekwisha kushika nusu ya somo. Na jirani yake, ambaye maji ya kisima chake yanapimwa, ataweza kuuliza matokeo kwa lugha yake mwenyewe.