Mifupa ya Jengo, Kutoka Chicago Hadi Vitshumbi

Watu husifu maghorofa ya Marekani kwa urefu wake, ilhali sifa kubwa zaidi ni ya mifupa yake. Jengo la Monadnock huko Chicago, lililokamilika mwaka 1891, lilibebwa na kuta za matofali, na ili kufikia ghorofa 16 kuta za chini zilihitaji unene wa karibu mita 1.8. Lakini tangu 1885, katika Home Insurance Building, William Le Baron Jenney alikuwa amekwisha kuzipa nguzo na mihimili ya chuma sehemu kubwa ya mzigo huo. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, kwenye Sears Tower ya mita 442: mirija tisa ya chuma iliyofungamanishwa isimame kama kitu kimoja.

Kanuni hiyo, ya kuibebesha mifupa mzigo badala ya kuta nzito, inatuhusu sana sisi wa Kivu. Ardhi inapotikisika, nguvu inayolipiga jengo hukua kadiri ya uzito wake. Tetemeko la Februari 2008 upande wa Bukavu liliangusha kuta za matofali zisizofungwa kwa nondo. Nyumba ya mbao ni nyepesi, na misumari yake huiacha ipinde kidogo bila kuvunjika. Kwa hiyo nyumba za mbao zilizojengwa Goma juu ya lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 zisidharauliwe. Chicago yenyewe, kabla ya chuma, ilikua kwa fremu za mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari.

Atakayenijibu kwamba mbao huungua atakuwa na haki: Chicago iliteketea Oktoba 1871, na Goma inaujua moto. Tena ardhi ya mjini ni finyu, basi Goma ipande juu. Ipande, ila nguzo zitangulie ukuta, na nondo za mihimili zishikwe barabara na za nguzo, kwa sababu jengo huanza kufa kwenye maungio. Vitshumbi ni hesabu nyingine. Kijiji hicho cha wavuvi kiko juu ya mashapo ya Ziwa Edward, na udongo wa namna hiyo unaweza kuukuza mtikisiko. Mwaka 1985, tope la ziwa la kale chini ya jiji la Mexico liliyumba polepole, karibu sekunde mbili kwa kila mwendo, na yaliyoumia zaidi ni majengo ya ghorofa kadhaa ambayo myumbo wake ulilingana nalo. Nyumba fupi na nyepesi za Vitshumbi huyumba haraka kuliko hivyo. Nisingependa zibadilishwe kwa ghorofa kabla udongo wa hapo haujapimwa.