Kuuzuia Mweleka wa Nyonga

Mkulima wa Bukoba au wa Muleba auonapo mgomba umelemewa na mkungu, hangoji upepo, huuegemeza nguzo. Ajua kwamba mgomba huanguka pindi uzito wa juu unapotoka nje ya shina lake. Hiyo ndiyo siri ya mweleka, na ndiyo siri ya kuuzuia.

Vijana wetu hupenda mieleka, na wengi hudhani mshindi ni mwenye misuli. Judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, yafundisha vingine. Wala mchezo huu si mgeni kwetu: wafundishwa Unguja, na Mtanzania Andrew Thomas Mlugu aliushindania katika Olimpiki za Rio de Janeiro mwaka 2016 na za Paris mwaka 2024.

Mpiga mweleka wa nyonga hufanya mambo matatu. Kwanza hukuvuta mbele hata uzito wako uingie vidoleni. Pili hugeuka akakupa mgongo, akakunja magoti na kuitia nyonga yake chini ya yako. Tatu hunyoosha miguu, akakubingirisha juu ya kiuno chake.

Dawa imo katika jambo la pili. Ageukapo, usivutane naye. Kunja magoti, shusha nyonga zako chini ya zake, nyoosha mgongo, na usukume tumbo mbele. Hapo hawezi kukuinua, kwani asiyeingia chini ya mzigo haubebi. Naye akiisha kukwama, mgongo wake u mikononi mwako: mshike kiuno, mnyanyue kwa nguvu za miguu, umwangushe chali. Wajapani huuita mweleka huo ushiro-goshi.

Njia nyingine ni kuizunguka nyonga yake kwa hatua moja. Husimuliwa kuwa Shiro Saigo, mwanafunzi wa Kano na mtu mdogo wa mwili, ndivyo alivyomponyoka mwalimu wake; naye Kano akajibu kwa kutunga harai-goshi, ambamo mguu hufagia pamoja na nyonga. Hivyo mwanafunzi alimfunza mwalimu.

Lakini wazazi na waijue hatari. Ajaribuye haya kabla ya kujifunza kuanguka aweza kuvunjika mkono au shingo. Somo la kwanza ni hilo: kidevu kifuani, na mkono mzima kuupiga mkeka wakati mgongo unapofika chini. Na mchezo uwe juu ya mikeka minene, mbele ya mwalimu, si juu ya saruji wala mawe.

Hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwangushaji watu na mwenye kuizuia nafsi yake wakati wa ghadhabu twaijua sote. Uwanjani maana yake huonekana kwa macho: kijana aliyekasirika huinama mbele na kuvuta, na ainamaye mbele ndiye hasa atafutwaye na nyonga ya mwenziwe. Basi kabla ya kumfunza mtoto kuangusha, mfunzeni kusimama kwa utulivu.